Keria ya Pikipiki ya Krimu

Kwa mjukuu wangu Kiprono, huko Mombasa.

Sisi hapa Rongai tuko wazima, mahindi yamesimama vizuri na ng'ombe mweupe amezaa. Umeniuliza keria ya pikipiki, kile chuma cha nyuma cha kubebea mizigo, inafungwa aje. Hapo umeuliza fundi mwenyewe.

Miaka ya hamsini nilifanya kazi kwa shamba la mzungu. Shida za wakati ule tuziache. Mzungu huyo akanunua kapikipiki kadogo ka kupita matope, akaniambia, "Ukifikisha krimu ya maziwa stesheni kabla ya treni, wewe ni dereva. Ukichelewa, unarudi kukamua."

Nikaunda keria kwa vyuma vya reki ya nyasi. Nakuru nzima hakuna angenishinda. Nikiwa nakaza nati, msichana mmoja wa kukamua akasimama hapo.

"Wewe, unapima ikiwa tupu?"

"Enda ukamue ng'ombe zako!"

Akapanda akakaa juu ya keria. Springi zikashuka, chuma kikalalia tairi, na pikipiki ikakataa kusukumika.

"Na bado sijabeba hata mkebe mmoja," akasema.

Nikafungua nati zote, nikainua keria vidole vinne. Akakaa tena, tairi ikazunguka. Krimu ilipata treni, nami nikapata udereva.

Kwa hivyo usikaze nati kabla mtu hajaikalia keria, na akisema kitu, msikilize. Msichana huyo ndiye nyanya yako. Huwaambia watu ati ile keria alifunga yeye. Ni uongo. Yeye alikaa tu.

Ni mimi babu yako, fundi.