Sahani Saba za Evarist

Jumatatu, 9 Juni

Nimekwenda stesheni asubuhi. Treni haijafika. Nimestaafu reli, hainihusu, lakini nisipoiona siku haianzi. Kurudi nyumbani Gungu, Agripina, kitinda mimba wangu, ananisubiri mlangoni na sare yake ya unesi. Anasema Evarist ananialika chakula Jumamosi. Huyo ni mpishi wa ile hoteli kubwa ya kilimani juu ya ziwa, wanakokula watu wa mashirika. Mkimbizi kutoka Burundi. Kibali chake cha kuishi nje ya kambi kinategemea kazi hiyo. Anataka kumwoa binti yangu. Nimeshakataa mara mbili, Agripina aliponigusia. Siku wakiambiwa warudi kwao, atarudi na mwanangu.

Jumatano, 11 Juni

Agripina haongei nami. Anaweka chakula, anafunika, anaondoka. Mama yake anasema niende tu, kula si kutia saini. Wamenichosha.

Ijumaa, 13 Juni

Sokoni wanasema tena kambi zitafungwa. Kila mwaka wanasema. Nimepiga pasi shati kwa hasira, nikaunguza kola.

Jumamosi, 14 Juni

Saa saba mchana tumefika, mimi na Agripina. Kitambaa cheupe mezani, uma tatu kwa mtu mmoja. Evarist akaniamkia vizuri, akasema zitakuja sahani saba, moja moja, zote za kuonja. Sikuelewa mtu anaalikwaje kuonja.

Sahani ya kwanza: dagaa watatu. Nimehesabu. Watatu, na tone la mawese limechorwa pembeni kama mtoto anajifunza kuandika. Evarist akasimama, mikono nyuma, akaeleza walivyokaushwa. Nikasubiri. Kwetu Waha anayekupa chakula au pombe huonja kwanza mbele yako, ujue hakuna baya ndani. Naye akasubiri.

"Karibu, Mzee."

"Anza wewe."

Akainamisha kichwa. "Ego, ndiyo, Mzee, hata kwetu ni hivyo. Lakini hapa mpishi akionekana anakula meza ya mgeni, anafukuzwa."

Akifukuzwa, kibali kimekwisha. Nilijua. Nikakunja mikono hata hivyo. Meneja alikuwa anatutazama kutoka kaunta. Jasho lilimtoka kijana, nami nikafurahi. Naandika ukweli, sina wa kumdanganya humu.

Agripina akavuta sahani yangu. Akachukua dagaa mmoja, akatafuna, akameza, akanirudishia.

"Umeonjewa, Baba. Kula."

Mgeni hamwonjei mgeni mwenzake. Anayeonja ni mwenye nyumba. Tulipanda kile kilima pamoja, ameshika mkono wangu, na pale mezani mgeni nikawa mimi peke yangu.

Nimekula. Sahani zote saba kazionja yeye kwanza. Samaki mgebuka, kipande cha vidole viwili. Ugali wa kijiko kimoja. Mambo mengine siyajui majina. Vilikuwa vitamu, na hilo limeniudhi kuliko yote. Nyumbani nimeomba ugali wa kweli.

Jumapili, 15 Juni

Kanisani sikusikia neno hata moja. Nina hasira na sijui nimkasirikie nani.

Jumanne, 17 Juni

Sikwenda stesheni.

Evarist hajatuma mshenga. Nimemuuliza Agripina kwa nini, akaniambia hana wa kumtuma. Baba yake walimuua. Wajomba hajui walipo. Mtu mzima, na upande huu wa mpaka hana hata mzee mmoja wa kumsemea.

Nimekwenda Ujiji kwa Mzee Bakari, tuliyefanya naye kazi reli. Nimemwomba asimame kama baba wa kijana fulani, ampelekee posa. Akauliza kwa nani. Nikamwambia kwangu. Alinitazama sana, hakucheka.

Atakuja Jumapili saa kumi. Atapiga hodi, nami nitamuuliza ametoka wapi na amefuata nini.