Mkwe Chini ya Dirisha

Mfangano,
Jumapili mchana

Dada yangu Robi,

Pokea salamu zangu kutoka huku kisiwani. Mguu wako unaendeleaje? Niliambiwa umeanza kwenda kisimani bila fimbo, na kama ni kweli namshukuru Mungu. Mimi ni mzima wa mwili. Nakuandikia Kiswahili cha polepole, kwa herufi kubwa, ili usome mwenyewe kama walivyokufundisha gumbaru, kwenye kisomo cha watu wazima. Usimpe mtoto akusomee. Kuna mambo humu ambayo sitaki mtoto ayatamke kwa sauti.

Kazi yangu unaijua kwa jina tu. Wanafunzi wetu wa ualimu, kabla ya kushika chaki, huketi wiki tatu nyuma ya darasa la mwalimu mzoefu wakimtazama: anavyoingia, anavyouliza swali, anavyomtuliza mtundu. Wanaandika kila wanachoona, na sisi tunawapa alama. Mimi ndiye ninayewatafutia shule. Mwaka huu nilikuwa na wanafunzi arobaini na wanane, shule kumi na mbili, wanne kila shule. Hapo hakuna shida. Shida ni kwamba wote wanataka Homa Bay mjini, penye lami na stima, na hakuna anayetaka visiwani. Basi udhuru unaanza. Huyu ana matanga, yule ana kifua, mwingine mjomba wake yuko ofisini. Wakufunzi wenzangu nao huja kuniombea watu wao, na nikikataa wanaambiana, "Huyo Mkuria hana damu." Mwaka jana niliwahurumia watu kumi na saba. Nilipochunguza, kumi na mmoja walikuwa wamenidanganya. Nikaapa kwamba sitamhurumia mtu tena.

Sasa kuna kijana anaitwa Odhiambo, mpole, ameoa juzijuzi. Nilipobandika majina alikuja akasimama mlangoni.

"Mwalimu, ile shule ya Mfangano. Kama kuna nyingine."

"Kwa nini?"

"Basi tu. Pale siwezi."

"Unaogopa maji?"

Akatazama viatu vyake, akaondoka. Kesho yake akamtuma rafiki yake, maana neno kama hilo mtu halisemi mwenyewe. Rafiki akaniambia, "Mwalimu, yule mama wa darasa la pili pale ni maro wake. Ndiye aliyemzaa mke wake."

Dada, nilielewa. Sitakuambia kwamba sikuelewa. Kwetu ni hivyo hivyo. Wewe mwenyewe, mume wa binti yako Gati akitokea njiani unaingia kwenye mahindi mpaka apite. Nilijua kijana hawezi kuketi chumba kimoja na mama mkwe, sembuse kumkodolea macho kipindi kizima akiandika makosa yake. Lakini nilikuwa nimeapa, na wenzake walikuwa wamejaa pale mlangoni wakingoja kuona kama nitalegea. Nikasema kwa nguvu, wote wasikie, "Chuo hakina mkwe. Mimi nimefika hapa bila mtu. Hakuna aliyenibadilishia shule." Wakacheka, na mimi nikafurahi walivyocheka.

Odhiambo akaenda. Wiki ya pili nikavuka kukagua. Mashua ya kutoka Mbita ilihangaika na yale magugu yaliyofunika ziwa, kwa hiyo nilifika nikiwa na hasira tayari. Nikamkuta nje, chini ya dirisha la darasa la pili, ameketi juu ya jiwe, mgongo ukutani, daftari magotini. Ndani mama anafundisha kujumlisha. Huku nje kijana anaandika anachosikia. Ilikuwa wazi wameelewana bila kusemezana, maana mama alikuwa akipaza sauti kuliko darasa lile dogo lilivyohitaji, ili neno lifike dirishani.

Mtu mwenye akili angepita kama hajaona.

"Nani alikuambia darasa liko nje?"

"Mwalimu, tafadhali, twende kando nikueleze."

"Utanieleza ukiwa ndani. Ingia."

"Mwalimu, mimi ni kama mtoto wako."

"Ingia, ama urudi chuoni leo uanze upya mwakani."

Akaingia, uso ameugeuzia ukuta. Mimi nikafuata, nikasimama mlangoni. Watoto wakainuka kutusalimu. Mama akageuka kutoka ubaoni, akamwona. Darasa lile lina mlango mmoja, Dada, na aliyekuwa ameuziba ni mimi. Basi yule mama, mtu mzima wa makamo, mwalimu tangu mimi sijavaa suruali, alijivuta hadi pembeni akafunika uso wote kwa leso, akasimama ameelekea ukutani kama mtoto aliyeadhibiwa. Odhiambo akapanda dirisha akaruka. Watoto wakaangua kicheko. Mmoja akaniuliza, "Mwalimu, kwani huyo ni mwizi?"

Ndipo nikaondoka pale mlangoni. 

Mwalimu mkuu aliniita ofisini kwake. Hakunifokea, afadhali angenifokea. Alisema, "Bwana Marwa, nina madarasa manane. Ningemhamishia la tano mara moja tu. Lakini wewe uliandika kwamba mtu asihamishwe bila ruhusa yako, tukaogopa kumharibia kijana alama." Halafu akanikabidhi kipande cha chaki. "Kesho mama hatakuja. Hao watoto ni wako."

Kweli hakuja. Tangu siku hiyo mimi ndiye mwalimu wa darasa la pili. Watoto wananiuliza atarudi lini, na msichana mmoja wa mbele ameniambia sijui kuchora kuku, mwalimu wao anajua. Odhiambo yuko darasa la tano sasa. Ananiamkia kila asubuhi kwa heshima ileile, na kuitikia kunanishinda. Mbaya zaidi, baada ya wiki mbili afisa wa elimu anapita huku. Akikosa kumkuta mama ataandika kwamba ametoroka kazi, naye amebakisha miaka mitatu tu astaafu. Nilimwomba mwalimu mkuu aandike kwamba anaumwa. Akanijibu, "Wewe si ndiye usiyependa udhuru wa uongo?"

Ijumaa nikaenda nyumbani kwa mama na sukari kilo mbili na majani ya chai. Hakutoka. Shemeji yake alinipa kiti nje, akaingia, akatoka.

"Anauliza umekuja na nani."

"Nimekuja peke yangu."

Akaingia tena, akakaa sana. Aliporudi alikuwa ameshika ile sukari. "Anasema hana vita na wewe. Lakini hili ni jambo la kina mama. Mwanamume akija peke yake kuomba, ni kama anamvua leso mara ya pili. Aje mama yako, ama yule aliyekulea." Akasita, ni mzee wa haya. "Amesema pia, alisikia wewe ulifika bila mtu. Amesema hata huyo kuna aliyemwogesha."

Nimerudi na sukari yangu mbele ya kijiji kizima.

Dada, nimesema neno hilo mara nyingi. Nililisema siku ya kuajiriwa, nikalisema hata harusini kwa wakwe zangu, na watu wakapiga makofi. Mama alipofariki wewe ulikuwa darasa la tatu. Hukurudi shuleni, ulibaki nyumbani kunilea. Mpaka uje ukae gumbaru na wajukuu mgongoni ujifunze herufi, mimi nilikuwa nimeshakuwa mwalimu, na sikuwahi kupiga hesabu hiyo mbele ya watu.

Nakuomba uje. Kama mguu unakataa, sema, sitanung'unika. Siku ya soko la Ogwedhi shemeji akipeleka ng'ombe akusindikize hadi Migori upande basi la Homa Bay, na pale gari la Mbita. Nitakungoja Mbita, tutavuka asubuhi kabla ya upepo. Utaingia kwa yule mama peke yako, mimi nitabaki nje ya boma. Usiseme nilichokozwa, wala usinitetee. Sijui utamwambia nini. Ninyi kina mama mnajua.

Nisalimie shemeji, na baba mdogo ambaye najua atacheka akisikia. Msalimie Gati na mumewe, umwambie mumewe namheshimu. Bibi mzaa baba mwambie bado nasali.

Usibebe chochote kwa jina langu. Chukua wimbi yako, uliyoilima wewe, umpe kwa mkono wako. Hiyo nadhani ataipokea.

Ni mimi mtoto wako,
Marwa