Ng'ombe wa Merikebuni

K.k. Duka la Champaben,
S.L.P. 47,
Kalangalala, Geita.
18 Agosti, 1996.

Mpendwa mdogo wangu Dorah,

Shikamoo yako ya kwenye barua niliipata, marahaba sana. Habari za Tanga? Shemeji Mwita hajambo na kazi zake za bandarini? Na mwanangu Marcel, meno ya mbele yameshaota? Sisi huku hatujambo. Mgongo unanisumbua kwa kuinamia cherehani mchana kutwa pale barazani kwa Champaben, lakini huo si ugonjwa wa kuandikia barua. Binti yangu Euphrasia yuko darasa la nne na amerefuka mno, gauni lake la Pasaka limeshakuwa blauzi.

Mji umejaa watu. Kila anayesikia habari za dhahabu anashuka Geita na begi moja, na kesho yake analeta suruali nimpunguzie kiuno. Kwangu ni riziki, silalamiki.

Uliandika kwamba asubuhi ukifungua dirisha unaiona bahari, kisha ukaendelea na bei ya nazi kana kwamba hujasema kitu. Dorah, roho iliniuma. Niliyasoma maneno hayo mara tatu, nikaificha barua kwenye droo ya cherehani siku mbili bila kumsomea mtu. Mimi bahari sijaiona. Nimeona ziwa tu, tena kwa sababu ya msiba uliotupeleka Mwanza.

Lakini lililonichoma zaidi ni lile la mwaka jana, ulipoomba nikutumie "kitabu changu cha merikebu" umsomee Marcel. Changu! Nikakujibu kwamba kimeliwa na mchwa. Nilikudanganya. Hakuna mchwa aliyekigusa. Kilikuwa ndani ya sanduku la bati la baba, chini ya vitenge vyangu, tangu tulipomzika. Nilikuficha kwa sababu sikutaka mtoto wako naye awe nahodha.

Utacheka, nakujua. Cheka kwanza, kisha endelea kusoma.

Ulikuwa mdogo, huenda hukumbuki vizuri tulivyokuwa tukisomewa. Ni Kishapu, msimu wa pamba, Jumapili baada ya kanisa. Nyumba nzima tumekaa uani tunachambua, pamba safi huku, fifi yenye madoa na uchafu kule, na baba, kwa kuwa ni karani wa chama cha ushirika, amesamehewa kuchambua ili asome. Anasoma Kiswahili kimoyomoyo, anatutolea Kisukuma kwa ajili ya mama na bibi Mageni. Ni merikebu isiyo na tanga, inayokwenda kwa kuimbiwa, inatafuta kisiwa ambako upepo huenda kulala. Na anayeshika usukani ni mtoto wa kike, nahodha Dorah.

Wewe. Una miaka mitano, hata vifungo vya gauni unafungiwa, na unaendesha merikebu. Mimi nina miaka tisa, ndiye ninayechunga, ndiye ninayechota maji, na nahodha ni wewe. Kwa hasira nikawa nachanganya fifi ndani ya safi makusudi.

Kisha nami nikaingia safarini. Jumapili moja baba alisoma kwamba merikebuni kuna ng'ombe saba, na mchungaji wao anaitwa Limi. Waimbaji makoo yakawakauka katikati ya maji ya chumvi, merikebu ikasimama, hadi Limi alipokamua na kuwanywesha mmoja mmoja. Watu wazima walipiga makofi. Mimi nilinuna. Mwenzangu kapewa usukani, mimi hata baharini nazoa mavi ya ng'ombe. Kinyongo hicho nimekibeba miaka ishirini na mitatu, Dorah. Ulipochaguliwa kwenda sekondari nilisema moyoni, haya, nahodha huyo. Ulipoolewa pwani nikasema si unaona.

Mwezi wa sita Euphrasia alikiona kitabu nilipokuwa nikitafuta kitenge sandukuni, akaning'ang'ania. Kazi ilikuwa imepoa kidogo, nikakubali kumsomea. Sasa ujue kwamba mimi kitabu kile sikuwahi kukisoma kwa macho yangu. Nilikuwa nimesomewa tu, na baada ya hapo sikutaka hata kukifungua. Nikamwahidi mtoto kwamba ng'ombe wanapanda merikebu sura ya tatu. Sura ya tatu hawakupanda. Ya nne hawakupanda. Nikadhani kurasa zimechanika, nikahesabu namba zake, zote zipo. Hata pale merikebu inaposimama kwa kiu, linalokuja ni wingu la mvua tu. Nahodha yumo, anaitwa Chausiku, baba alibadilisha jina basi. Mchungaji hayumo. Euphrasia akaniuliza kama nilikuwa namdanganya, nikarudi sura ya kwanza kutafuta upya.

Ila pembeni mwa kurasa kuna herufi kwa penseli, mwandiko wa baba uleule wa kwenye risiti za pamba. L. Nimezikuta kumi na moja, kila mahali ambapo ng'ombe wangu waliingia.

Nilipokwenda Kishapu kumsaidia bibi Mageni mavuno nilimuuliza. Alicheka hadi akakohoa. Akasema baba aliiona ile fifi ndani ya safi, akajua ni mkono wangu, na badala ya kunichapa alimuuliza mama yake afanyeje. Bibi akamwambia, "Mtoto anayechunga ng'ombe za watu umpe zake mwenyewe, hata kama ni za uongo." Basi kila Jumamosi akawa anakaa na kitabu na penseli, anatafuta pa kuwapitisha.

Nimekaa na maneno hayo wiki kadhaa, sijui nilie au nicheke. Ninachotaka kukwambia ni hiki, na nakiri ninakiandika kwa furaha isiyo nzuri. Wewe baba alikukuta kitabuni, akabadilisha jina. Mimi alinitunga. Nimetafuta D ukurasa kwa ukurasa, sikuona hata moja.

Kwa hiyo kitabu nimekituma leo posta kwa rejista. Nimekivisha jalada la kitambaa cha khaki ili kisichubuke njiani. Chukua, ni chako, ulisema kweli. Utamsomea Marcel, utafika pale waimbaji wanapokaukiwa makoo, utaiona L pembeni, na maneno yake hayatakuwapo. Wala huwezi kuyakumbuka, maana ulikuwa ukisinzia juu ya lundo la pamba. Itabidi uniandikie kuniomba ng'ombe wangu. Nitakujibu nikipenda.

Hata hivyo, tusidanganyane tena. Ningeambiwa leo nichague, bado ningeutaka usukani.

Msalimie sana shemeji Mwita, na umwambie Marcel mama yake mkubwa anamkumbuka. Bibi Mageni anawasalimu, anasema usije ukasahau Kisukuma huko pwani. Champaben naye anakupa pole na joto. Mungu awafunike wote watatu kwa mkono wake, na barua hii iwakute mkiwa wazima.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda na wivu wangu wote,

Limi