Yote Mawili Yametokea, Mama

Mama,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini sijui njia nyingine ya kuanza kuzungumza na wewe.

Nakuandikia kutoka chumbani kwako, hapa mtaani Xiaobei. Ni asubuhi. Mvua ya Guangzhou ni nyepesi mno, haianguki, inaelea tu kati ya maghorofa. Ukungu umeimeza barabara. Nasikia magari bila kuyaona. Tangu nifike juzi naishi hivi, kama mtu aliyeamka nusu. Kanga zako bado zinaning'inia dirishani. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kuzianua.

Nilifaulu mtihani, Mama. Nitasoma sheria. Matokeo yalitoka wenzako wakiwa wameshakuzika, nami niko Dar nahangaikia viza.

Unalikumbuka swali la mashati, lile la mazoezi ya mtihani? Duka limepandisha bei, na bado linauza mengi kuliko mwanzo, eleza imewezekanaje. Nilikusomea kwa simu ukiwa sokoni Shahe, katikati ya mikokoteni na wauzaji wanaoikataa bei yako, "bu xing, bu xing", haiwezekani. Nikasema swali limekosewa. Wewe, uliyeishia kidato cha pili, ukacheka. "Usikatae hata moja, mwanangu. Yote mawili yametokea. Tafuta ambalo hawajakwambia." Halafu ukajibu papo hapo: duka la jirani limefungwa. Na ndilo lililokuwa jibu.

Tangu siku hiyo maswali ya namna ile hayakunishinda. Lako ndilo lililonishinda.

Miezi mitatu ya mwisho hukunipigia. Ujumbe tu: "Mzima. Soma." Nikipiga, hupokei. Nilikasirika, nikakuandikia kwamba biashara sasa ndiyo mwanao, mimi nimebaki jina. Hukujibu. Siku tisa baada ya mtihani wangu, ukafariki; niliambiwa ni ugonjwa, basi.

Sasa nimefika huku, kila mtu ananijua. Mzanzibari wa mgahawa wa chini aliniita Salma kabla sijajitambulisha. Yule dada wa Kichina uliyekuwa ukinunua magauni kwake ana picha yangu ya mahafali kwenye simu. Wote wanasema ulinitaja kila siku, hadi mwisho. Nikakaa kitandani kwako nikijiuliza ni mama gani anayemtaja mwanawe kwa watu wote na hataki kuzungumza naye. Nikafanya kosa lile lile ulilonikataza, nikakataa moja. Nikasema wananifariji tu.

Jana mchana usingizi ulinichukua. Nikakuota umesimama kwenye ukungu, unafumbua mdomo, hakitoki kitu. Nilipoamka, Mama Furaha, jirani yako Mkongo wa Lubumbashi, alikuwa ameniletea chai. Nikamsimulia ndoto. Aliweka kikombe chini, akakaa kando yangu.

"Ugonjwa ulikuwa kwenye koo," akasema. "Sauti yake iliisha, ikabaki ya kunong'ona. Hakutaka uisikie mbele ya egzameni, ule mtihani wako. Alisema utaacha yote, utakuja. Ulipoimaliza, hakuwa tena na nguvu ya kushika simu."

Ni kweli. Ningekuja.

Nimelia, Mama. Kisha nikakasirika upya, nisikudanganye. Ulinilinda, na hapo hapo ukaninyima siku zako za mwisho. Ningeipokea hiyo sauti hata ingekuwa pumzi tupu. Ningekaa na simu sikioni nikusikie unavuta hewa, basi.

Leo baada ya adhuhuri Mama Furaha atanipeleka kaburini. Yeye ni Mkristo. Ameniuliza kwa haya kama anaruhusiwa kusimama nami ninapokusomea Yasini. Nimemwambia asimame karibu.

Nisamehe ule ujumbe. Ulikuwa wa mwisho na ulikuwa mbaya. Mimi nami naanza kukusamehe, taratibu, Mungu atanisaidia.

Nakuahidi jambo moja. Nikijaliwa watoto, na siku moja nikaugua, nitawapigia simu. Watanisikia nilivyo. Wakitaka kuacha mambo yao waje, nitawaacha waje.

Mungu akulaze pema, mama yangu. Naanua kanga zako sasa. Moja nitajifunga kuja kwako.

Mwanao,
Salma