Mwanamke Asiye na Jina

Alhamisi, katikati ya Novemba. Bredäng, kusini mwa Stockholm.

Mvua inayotaka kuwa theluji imenyesha tangu asubuhi, na mimi nimekasirika. Nimekasirika kiasi kwamba sentensi ya kwanza nimeifuta na kuiandika upya, maana kila nikianza linatoka tusi.

Naandika kwenye blogu hii kwa Kiswahili kwa sababu darasani kwetu hakuna anayekisoma. Zamani nililiona hilo kama raha yangu ndogo. Leo sijui niliite nini.

Kwa anayepita hapa mara ya kwanza: naitwa Makena, nasomea uigizaji, niko mwaka wa pili na wa mwisho katika chuo kidogo kusini mwa Stockholm. Ukimaliza miaka miwili pale unaweza kuhamia chuo kikuu cha sanaa na kuingia moja kwa moja mwaka wa tatu. Lakini hawakuchukui kwa alama tu. Wanatuma watu wao waje kutazama mchezo wa mwisho wa darasa, wakae safu ya mbele, waone nani anafaa. Kwa hiyo mchezo huu, kwetu sisi, si mchezo.

Ameuandika mwalimu wetu, Gunilla, na yeye ndiye anayeuongoza. Hapa mwalimu huitwa kwa jina lake tu. Mama yangu hajazoea hadi leo, yeye humwita "mwalimu wako" kana kwamba kumtaja ni kumvunjia heshima. Mchezo unahusu nyumba ya wageni kisiwani. Mzee mwenye nyumba amekufa, na binti yake, Maj, anataka kuiuza wakati ndugu zake hawataki hata kusikia.

Nilimpenda Maj tangu siku ya kwanza tuliposoma mswada. Ana hasira, ana mzaha, anaongea mpaka anajikwaa. Nimemsoma kwenye treni, nimemsoma nikioga, nimemsoma nikikaanga vitunguu mpaka vikaungua. Tulipofanya majaribio, Elin, rafiki yangu mkubwa pale darasani, aliniegemea akaninong'oneza: "Huyu ni wako."

Jumatatu Gunilla alitugawia nafasi. Maj ni Elin.

Mimi ni "Mwanamke".

Hana jina. Anafika kisiwani kwa mashua katika sehemu ya pili, amelowa chapachapa, anamlilia mtoto wake aliyezama, halafu polisi wanamwondoa na hadithi ya nyumba inaendelea. Kwenye mswada, pale ambapo wengine wote wana maneno, yeye ameandikiwa: "Analia kwa lugha yake."

Nilimfuata Gunilla baada ya kipindi nikamwuliza kwa nini. Hakukasirika. Alinishika bega, akaniambia Kiswidi changu ni kizuri sana, sana, tatizo ni watazamaji tu. "Wakimwona Maj ni wewe, watakaa wanajiuliza ametoka wapi, na hawatausikia mchezo."

Jawabu lilinijia nikiwa kwenye ngazi za stesheni, saa ambayo halimsaidii mtu. Pale mbele yake nilisema, "Naelewa." Kumbe sikuelewa kitu.

Basi, leo.

Leo ilikuwa mara ya kwanza kuifanyia mazoezi sehemu ya pili jukwaani, na taa juu. Nilitoka kwenye ile mashua ya mbao, nikapiga magoti, nikalia. Nililia vizuri, nadhani. Gunilla akatusimamisha.

"Makena, unalia Kiswidi," akasema. Watu wakacheka kidogo. "Unajizuia. Lia kama wanavyolia kwenu."

"Kwetu ni Bredäng," nikamwambia.

Wakacheka tena, safari hii kwa nguvu, na yeye akacheka nao. Akadhani ni utani. Akasema: "Unajua ninachomaanisha. Tumia lugha yako. Sema chochote kile, hakuna atakayeelewa."

Sema chochote kile, hakuna atakayeelewa.

Kuna kitu kilikatika ndani yangu. Nilirudi kwenye mashua, nikatoka tena, nikapiga magoti, na nikafungua mdomo. Nikasema kwa sauti ya msiba: "Uuuwi! Uuuwi jamani! Niangalieni! Huyu mama aliyejifunga skafu ya kijani ananiambia nilie, na hajui hata mtaa ninaokaa! Nimekuja nchi hii nikiwa mtoto, nimesoma shule zao, nimeota ndoto kwa lugha yao, na leo wamenipa mashua! Uuuwi! Wamemchukua Maj wangu! Wamemchukua wakampa Elin, na Elin ananiangalia kama kondoo! Hata jina hawakunipa! Hata jina!"

Nikajipiga kifua. Nikajitupa chini. Na hapo, kusema kweli, machozi yalikuja yenyewe, ya kweli, ya moto.

Nilipoinua kichwa, wengine walikuwa wanajifuta macho. Elin alikuwa analia kabisa. Gunilla amefunika mdomo kwa mkono. Halafu wakapiga makofi.

"Usibadilishe kitu," Gunilla akasema. "Fanya hivyo hivyo kila usiku."

Nataka ieleweke. Nimemtukana mwalimu wangu usoni, mbele ya darasa zima, nikamlalamikia kwa kadiri ya uwezo wangu wote, naye amenipigia makofi. Sijawahi kuhisi kuwa mpweke vile maishani mwangu.

Hapo hapo nikasikia kicheko. Kilitoka juu, kwenye chumba cha taa. Ni Espérance, dada kutoka Uvira, Kongo, anayesomea taa na sauti. Tunasalimiana tu kwenye korido, yeye anakaa Farsta na kila mara anakimbilia treni. Sikuwa nimemfikiria kabisa.

Wakati wa mapumziko akashuka ngazi, bado anajifuta macho, lakini yeye kwa kucheka.

"Yaani dada, wewe unawatukana namna ile, na bo wanapiga makofi!" akasema kwa Kiswahili cha kwao. "Miye nilisikia yote. Yote!" Kisha akaniangalia vizuri, kicheko kikamwisha. "Pole, Makena. Nilizani unacheza. Haukuwa unacheza."

Nikamwambia hapana, na kwamba sitaifanya ile sehemu tena, hata mara moja. Nikamwambia pia ninachokiogopa: mchezo ndio mtihani wetu wa mwisho, nikijiondoa nitaukosa, na bila mtihani hakuna kuhamia popote. Miaka miwili yote bure.

Espérance akafikiri. "Lakini ule kijana wa mwaka jana, mwenye alivunja mguu? Alifanya examen yake yeye peke yake, jukwaani, mu ile salle ndogo. Mimi ndiye niliwasha taa. Kanuni iko. Muulize Gunilla."

Nikaenda. Sikusubiri nipoe, maana nikipoa nakuwa mtu wa "naelewa".

Kwanza nilimtafsiria. Neno kwa neno, hadi skafu. Gunilla alikuwa mwekundu kabla sijafika nusu. Akaivua ile skafu, sidhani hata alijua kwamba anaivua. Halafu akasema kitu ambacho kimenikasirisha kuliko vyote: "Lakini ilikuwa na nguvu sana."

"Ilikuwa na nguvu kwa sababu ilikuwa kweli," nikasema. "Na ilikuwa inakuhusu wewe."

Nikaomba mambo mawili, achague. Mwanamke apewe jina na maneno ya Kiswidi, au mimi nifanye mtihani wangu peke yangu. Akasema mchezo umeshakamilika, hawezi kuuvunja sasa. Kuhusu mtihani wa peke yangu, ndiyo, kanuni inaruhusu, lakini sitakuwa na mwongozaji, itabidi niandike mwenyewe, na hawezi kuniahidi kwamba wale wageni wa chuo kikuu watapata nafasi ya kuja kuniona. "Fikiria vizuri, Makena. Ukiwa kwenye mchezo watakuona kwa hakika."

Watamwona nani? Hilo nililisema palepale, halikungoja ngazi za stesheni. "Watamwona nani, Gunilla?"

Akachukua kalamu akaandika jina langu kwenye orodha ya ukumbi mdogo, ile salle ya Espérance.

Mngedhani hasira ingeishia hapo. Haikuishia. Niliporudi kuchukua koti, darasa zima lilikuwa limeshajua. Watu ambao nimelia nao, nimelala nao sakafuni tukifanya mazoezi ya pumzi, wakawa wanafunga kamba za viatu kwa bidii ya ajabu. Elin akanikumbatia. Akaniambia anasikitika, kwamba si haki, kwamba alijua tangu Jumatatu kuwa si haki.

"Kwa nini hukusema?" nikamwuliza.

"Hii ni nafasi yangu pia," akasema, kwa sauti ndogo.

Namwelewa. Ndiyo ubaya wenyewe, namwelewa kabisa. Bado niliitoa mikono yake mabegani mwangu.

Nyumbani nilimkuta mama ametoka zamu. Ni nesi katika hospitali kule Flemingsberg, na tangu mwanzo hakutaka nisomee haya mambo. Alikuwa anasukuma chapati. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama, koti mwilini. Nilitegemea aseme, "Si nilikuambia?"

"Ungelia tu," akasema. "Ungelia, wakakuona, ukachukua karatasi yako ukaenda mbele. Huko mbele ungesema unachotaka. Mimi nilipoanza kazi, wako wagonjwa waliotaka nesi mwingine. Nilitabasamu nikaenda kumwita."

"Na ulipofika huko mbele, ulisema?"

Mama akaigeuza chapati. Akaigeuza tena, ingawa ilikuwa imeiva.

"Hapana," akasema.

Nilivua koti. Sijawahi kumwona mama yangu akitafuta maneno, na sikupenda kumwona hivyo; nikapata hasira nyingine mpya, kwa niaba yake, kwa miaka yote aliyotabasamu. Mwishowe akanisogezea sahani.

"Hiyo ya peke yako, itakuwa ya nini?"

"Sijui bado."

"Na hao wageni wasipokuja kukuona?"

"Watakaokuja watakuja."

"Mimi naweza kuomba siku hiyo kazini," akasema, bila kuniangalia. Miaka miwili, mama hajawahi kukanyaga pale chuoni. Nikala chapati nikiwa nimeinamia sahani, kwa sababu sikutaka anione uso.

Nilipomaliza nilimtumia Espérance ujumbe, nikamwuliza kama atanishikia taa. Akajibu kabla sijaweka simu chini: "Ni ya kuuliza hiyo?"

Kwa hiyo ndivyo nilivyo leo. Sina nafasi kwenye mchezo. Sina hakika kama kuna atakayenitazama. Huenda nimejifungia mlango mwenyewe kwa kiburi, na mwakani nitakuwa nauza kahawa stesheni nikimsimulia kila mteja kwamba mimi nilikuwa mwigizaji. Nimelifikiria hilo. Limenitisha. Sijabadilisha mawazo.

Mama amegonga mlango sasa hivi, anasema nilale, hasira ikilaliwa hupoa. Nimemwitikia. Lakini nina ukurasa mweupe mbele yangu na mhusika anayehitaji kusema jambo la kwanza, na ninaomba hasira hii isinitoke kabla hajalisema.