Cherehani ya Mama Kwenye Taarifa ya Habari

Dada mpenzi,

Nisamehe, miezi miwili sijakuandikia. Nilikuwa nangoja habari njema, nazo zimegoma kuja. Mtoto ameota meno mawili, ananing'ata kama tuna ugomvi.

Uliuliza kama ni mimi uliyemwona kwenye televisheni. Ni mimi. Siku walipovunja maduka ya sisi wageni, nilijitwika cherehani ya mama nikakimbia. Jirani yangu, mwenyeji wa hapa, akanificha chumbani kwake. Mwandishi wa televisheni alinihoji nusu saa nzima, nikamweleza yote, hata wema wa jirani. Jioni wakaonyesha mimi nikikimbia na cherehani kichwani tu, na maandishi chini: "Wageni waiba katika vurugu."

Jirani akazima televisheni. "Mdogo wangu, hawa wangekukuta unanyonyesha wangesema umeiba maziwa." Tulicheka mpaka nikalia.

Sasa cherehani iko polisi, waliichukua baada ya taarifa ile, na bila kushona hatuli. Wanataka ushahidi kuwa ni yetu kabla ya Ijumaa.

Usichelewe, dada. Nitumie kofia ya mtoto, baridi imeanza. Na risiti ya cherehani, imo kwenye bahasha ya vyeti vya mama. Na ile picha ya mama akishona. Usiikate. Cherehani ionekane yote.

Mdogo wako, mwizi wa mali yake