Njugumawe za Mama

Mandawa,
Ruangwa, Lindi.
14 Januari 2025

Mpendwa mdogo wangu Hemedy,

Assalaam alaykum. Hujambo wewe, wifi Raudha na watoto? Sisi huku ni wazima, ila goti langu linasumbua. Zamani lilijua mvua, siku hizi nalo limekuwa la uongo.

Usishangae kupata barua wakati juzi tu tumeongea kwenye simu. Masoudi, mtoto wa jirani, anakuja huko Tabora, nikaona nimpe na hicho kifurushi. Soma kwanza ndipo ufungue.

Mvua ya mwaka huu imetuchezea. Ilikuja kwa kishindo mwezi wa kumi na moja, watu wote tukapanda, kisha jua likashika miche ikakauka. Tukapanda tena. Safari hii maji yakapita kule bondeni yakaondoka na matuta. Shemeji yako Bakary anasema mvua hii ni mgeni anayepiga hodi, ukishapakua chakula humkuti tena mlangoni.

Mahindi tutapanda tena, na ufuta bado una nafasi. Kinachoninyima raha ni njugumawe za mama, zile nyeupe zenye jicho jeusi. Nimeulizia mpaka Nanganga, nikaenda na soko la Nachingwea, wote wana nyekundu tu. Kwangu zilikuwa zimebaki kidogo, kwenye kibuyu juu ya jiko.

Basi nimezigawa. Nusu nimepanda jana, nusu ndizo hizo. Usizipike! Nakujua ulivyokuwa ukidokoa sufuriani mama akigeuka. Zipande nyuma ya nyumba, mbali na kuku wa wifi, na zikitoa maua zifukie kwa udongo laini kama alivyotufundisha.

Umeniambia nihamie kwako kwa kuwa huku hakutabiriki. Maneno yako yamenigusa mpaka nikalia. Lakini mvua ikidondoka kwenye vumbi la hapa, mikorosho ikaoga na harufu ya udongo ikaingia mpaka jikoni, mimi husahau yote iliyonifanyia. Siji, mdogo wangu. Zimekuja hizo njugumawe badala yangu.

Zangu zikifa, utanirudishia kiganja kimoja. Zako zikifa, nitakuletea mimi. Zikifa zote, tutakuwa tumemzika mama mara ya pili, na hilo sitaki kuliona.

Shangazi Mwamina anakusalimu, anauliza utakuja lini kula ubwabwa wake. Wabusu Seleman na Tunu. Mwenyezi Mungu awape mvua ya kiasi, na sisi atukumbuke.

Wako akupendaye daima,
Dada yako Ashura

N.B. Wingu limefunga upande wa Nachingwea. Bakary anasema litapita tu. Mimi nimeshatoa ndoo nje.